Koti la Saa ya Dini

Juma lililopita, kwenye mkutano wa wazazi, tulibishana mpaka soda zikapata moto. Baba mmoja anataka mwalimu wa sayansi asifundishe asili ya mtu bila kusoma kwanza kitabu cha Mwanzo, maana shule ni ya kanisa. Mama mmoja akamjibu kwamba mshahara unatoka serikalini, na programu ya masomo pia. Niliona kila mmoja ana haki yake. Mimi niko kwenye komite, lakini nilinyamaza, kwa kuwa sikusoma kupita darasa la sita. Kichwani nilikuwa na koti tu.

Mwalimu wetu wa la sita alikuwa na koti moja la kahawia, la mitumba, zito mno kwa joto la Uvira. Saa ya dini alilivaa, akafunga vifungo vyote, akatusimulia jinsi Mungu alivyomfinyanga Adamu, halafu ubavu, halafu nyoka. Saa ya sayansi alilivua, akalitundika kwenye msumari wa mlango, akakunja mikono ya shati na kuchora mifupa ya watu wa zamani sana, na ardhi ikipasuka polepole kati ya milima mpaka ziwa letu likapatikana. Ubaoni ufa ulikuwa bado mkavu, yeye amekwisha kuutia samaki.

Siku ya kwanza tulimuuliza: "Mwalimu, sasa ya kweli ni gani?"

"Minye niko mwalimu, siko juji wa kuamua kesi. Nikivaa koti, mutajibu ya koti. Nikivua, mutajibu ya ubao."

Tulimpenda sana. Lakini hakuwa bado na namba ya serikali, ile inayoleta mshahara; aliishi kwa michango ya wazazi, unga huku, samaki ndakala kule. Kila mtu alijua: mkaguzi akiandika vibaya, mwalimu anarudi kwao Luberizi kulima mpunga. Mama yangu alimtaja katika sala ya chakula.

Mkaguzi akaja kwa pikipiki, saa ya sayansi. Koti la mwalimu lilikuwa msumarini. Mkaguzi alikuwa amevaa lake, jeusi, pamoja na tai. Akauliza: "Mutu alitokaka wapi?"

Jirani yangu wa dawati akasimama. Alikuwa binti wa Mwislamu aliyeuza vitenge sokoni, na alishika masomo kuliko sisi sote. Akamtazama mkaguzi kifuani, akasema bila kukwama: "Mungu alimufinyangaka na udongo, akatoa ubavu moja, akatengeneza mwanamuke, na nyoka akabadanganya."

Mwalimu alifumba macho.

"Hii ni saa ya sayansi," mkaguzi akasema.

"Ndiyo, Bwana Enspekteri. Lakini umevaa koti."

Hatukucheka. Kwetu sisi alikuwa amejibu sawasawa. Ikabidi mwalimu aeleze, jasho likimtiririka. Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua koti lake, akaliweka juu ya meza. "Na sasa?"

Yule binti akatoa mifupa yote, akapasua ardhi yote, hakuacha kitu. Mkaguzi alikuwa anatabasamu alipoongeza: "Na kwenu, baba anasemaka nini?"

"Udongo tu. Ubavu na nyoka, hapana. Lakini ile ya baba haina koti hapa."

Tabasamu likamtoka. Akamwita mwalimu nje, ila dirisha letu halikuwa na kioo, tukasikia yote.

"Unafundisha vizuri. Lakini huyu mutoto umemuzoeza kuangalia nguo ya mutu mbele ya kusema."

"Bwana Enspekteri, shule ni ya kanisa, programu ni ya serikali, chakula changu ni ya wazazi. Na minye niko na koti moja."

"Basi uiache nyumbani," mkaguzi akasema.

Ripoti ilikuwa nzuri. Namba ikaja, mwalimu akabaki, na koti hatukuliona tena. Saa ya dini aliingia na shati, akaanza kwa kusema, "Kanisa linafundisha hivi," kisha akauliza kwetu wanasemaje, na jirani yangu akasimulia udongo wa baba yake. Nadhani ilikuwa bora hivyo. Hata hivyo nililitamani lile koti, na mpaka leo nikipita kwenye mlango wowote wa darasa macho yangu yanatafuta msumari.

Juzi nilimfuata yule jirani sokoni, anauza mahali pa baba yake, nikamuuliza: "Mama, ungekuwa minye, ungesema nini mu mkutano?"

Akaendelea kukunja kitenge. "Mwenye kuuliza atavaa nini?"

Tulicheka mpaka mteja akatushangaa. Yeye ndiye aliyeacha kwanza. "Weye unacheka. Minye mpaka leo naangaliaka mutu nguo kwanza. Ku mupaka, ku biro ya serikali, kila mahali."

Leo tumekutana tena. Nimesema saa ya sayansi iachiwe sayansi, saa ya dini ibaki, mwalimu aseme wazi ni mafundisho ya nani, na mtoto asikatwe pointi kwa imani ya kwao. Yule baba amesema ninaipunguzia dini nafasi. Huenda ni kweli, sina hakika.

Ila kabla ya kuinua mkono kuomba kusema nilijikuta namtazama mwenyekiti, kuona amevaa nini. Alikuwa na koti. Nikasimama hivyo hivyo.