Swali Nililoshindwa Kumsomea Mama wa Watu

Hadi leo simu ikilia na mtu akaniambia ana maswali machache tu ya utafiti, damu inanichemka. Najua kazi yake ni ngumu, maana niliifanya. Najua pia kwamba baadhi ya maswali hayo si maswali.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 2010. Nilikuwa naishi Flemingdon Park, mtaa wa Toronto, kwenye ghorofa ambalo lifti yake ilikuwa na siku zake za kukubali, na kila siku napanda basi kwenda barabara ya Eglinton kwenye ofisi ya kupiga simu. Tulikaa kwenye vibanda vidogo, hedifoni masikioni. Kompyuta inachagua namba yenyewe, sisi tunasoma kilichoandikwa kwenye skrini. Kila mmoja alipewa jina la Kizungu la kutumia, ili Mmarekani asipate taabu. Ndiyo, Mmarekani. Tulikuwa Toronto, lakini msimu ule tuliwapigia watu wa jimbo moja la Marekani lililokuwa linachagua gavana. Nilishangaa kwa nini hawakuulizwa na majirani zao. Nilipofika kwenye maswali ya mwisho nikaelewa. Kuna maneno mtu hathubutu kumtuma jirani yake akayaseme.

Kazi ile niliishikilia kwa meno, kwa sababu ya mama yangu. Alikuwa Morogoro, mjane, goti linamsumbua, na mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki. Nilikuwa nimeanza maombi ya kumleta, na serikali ya Canada ilitaka kuona kwamba mdhamini ana kazi ya kueleweka. Kazi ikikatika, mama anabaki huko huko.

Maswali ya mwanzo hayakuwa na neno. Utapiga kura? Unaonaje barabara, unaonaje shule? Halafu linakuja lile. Ukijua kwamba mgombea huyu anataka kuwajaza wakimbizi wa Kiafrika katika miji yenu, pamoja na wazee wao watakaolelewa kwa kodi zenu, je, bado utampigia kura? Mgombea mwenyewe, kwa jinsi nilivyosoma magazetini, alichosema ni kwamba wakimbizi waliokwisha kufika wafundishwe lugha na wapewe kazi, basi. Eti huo ni utafiti wa maoni. Maoni gani? Unamtia mtu sumu sikioni, kisha unamuuliza anajisikiaje. Wapo waliokata simu, wapo waliocheka. Bwana mmoja aliniambia, "Asante sana kwa kunijulisha, binti."

Nilimlalamikia rafiki yangu, Mtanzania mwenzangu aliyekuwa na nyumba yake Markham, nje ya jiji, na kazi nzuri ya kompyuta. "Kazi ni kazi, shosti," akaniambia. "Wewe soma tu script, mlete mama. Don't take it personal." Mkuki kwa nguruwe. Si yeye aliyetakiwa kumsomea mtu swali lile.

Jumamosi moja mchana nikaunganishwa na nyumba moja, akapokea mwanamke mtu mzima. Kabla sijajitambulisha kwa jina langu la bandia, nikamsikia akiwageukia watu huko ndani: "Hebu punguzeni hiyo televisheni, niko kwenye simu!" Kiswahili cha Kigoma kabisa. Ulimi wangu haukuniomba ruhusa.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu! Wewe wa wapi wewe?"

Alikuwa Mrundi aliyezeekea kambini Kigoma kabla ya kupelekwa Marekani. Uraia alikuwa ameupata mwaka ule ule, na kura hii ingekuwa ya kwanza maishani mwake. Nilipomwambia nina maswali kuhusu uchaguzi wa gavana, nilisikia akivuta kiti.

"Uliza, mwanangu. Serikali zimenifukuza, zimenihesabu, zimenihamisha. Hakuna hata moja iliyowahi kuniuliza naonaje."

Nikamtafsiria maswali ya mwanzo, akajibu moja moja, kwa makini, anafikiri kwanza. Kisha lile likatokea kwenye skrini. Kwa Kiingereza nilishazoea kulipitisha mbio, kama mtu anayemeza kwinini. Kwa Kiswahili ningeanzia wapi? Mama, ukijua kwamba wazee kama wewe ni mzigo, utampigia nani? Mtu umeshampa shikamoo naye ameipokea, huwezi tena kumtukana bila kumtukana aliyekuzaa. Na aliyenizaa alikuwa Morogoro, anasubiri zamu yake ya kuitwa mzigo.

"Mama," nikamuuliza, "wewe ungependa gavana mpya afanye nini?"

Akanieleza. Ngazi za nje zinaganda barafu na hakuna anayemwaga chumvi ya kuiyeyusha. Jirani yake, mzee wa Kizungu, ameanguka akavunjika nyonga. Basi la kwenda kliniki limeondolewa. Watoto wasome, sawa, lakini wasifundishwe kuwadharau wazazi wao. Nikayaandika yote kwa Kiingereza, pale pale palipokuwa pa kujibia lile swali. Mwishoni akauliza, "Na haya yatamfikia?"

"Yatamfikia, mama."

Kumbe msimamizi wetu alikuwa anasikiliza. Alikuja kibandani kwangu akitabasamu, akanieleza kwa upole kwamba mahojiano ya lugha nyingine hayahesabiki, na swali halibadilishwi hata nukta. Upole wake ndio ulionichoma zaidi. Nikamwambia lile si swali, ni tusi, na kama anabisha ampigie mama yake amsomee. Sauti ilikuwa imeshanipanda. Aliinama juu ya bega langu, akabonyeza kitufe, na ngazi na chumvi na basi la kliniki vikafutika mbele ya macho yangu. Kisha akaniomba nirudishe hedifoni.

Yule mgombea alishindwa. Sisemi ni kwa sababu ya simu zetu, sijui. Ila hakuna anayenunua sumu ili akaipange kabatini.

Maombi ya mama nayo yalisimama. Alipokuja kufika Toronto miaka ilikuwa imepita, na goti lilikuwa limeshamkatalia ngazi. Lakini hayo ni ya baadaye. Kesho yake, Jumapili asubuhi, nilimpigia. Alipopokea tu nikammwagia yote: kazi imekwisha, huji, si mwaka huu wala ujao, na sababu ni hii. Nilitegemea alie, au anigombeze.

"Huyo mama," akauliza, "alisema anataka nini?"

Nikamsimulia, barafu, chumvi, basi la kliniki. Alisikiliza hadi mwisho.

"Si haba," akasema. "Kuna aliyemsikia."

"Mimi kumsikia kunamsaidia nini?" nikamfokea. "Mimi si gavana, mama!"

"Najua wewe si gavana. Wewe ni mwanangu, na tangu nipokee simu hujaniamkia."