Upande wa Nyuma wa Besi

Mvua ya Masisi ikishika mchana inakupa ruhusa ya kukaa bure. Milima inapotea, ng'ombe wanasimama kama wamesahau walikokuwa wanakwenda, na barabara inakuwa uji. Mvua ya namna hiyo ndiyo iliyomfungia mgeni nyumbani kwetu Mweso. Alikuwa mpiga gitaa la besi kutoka Goma, amekuja kwa arusi ya watu wenye uwezo. Arusi ikaisha, barabara ya kuteremka Sake ikakatika, na mwenye pikipiki akakataa katakata kuondoka. Baba yangu, ambaye hawezi kuona mtu na gitaa bila kumwita ndani, akamwambia alale kwetu.

Siku mbili nilimkwepa mgeni yule. Si kweli, nilikuwa naukwepa mkoba wa besi yake.

Baba ndiye anayetengeneza besi za makanisa ya huku. Ni mtu wa Walikale, wa msituni kabisa, na baba yake alikuwa mchonga ngoma. Hajawahi kushika besi ya dukani. Aliiona kwenye picha ya kalenda tu: mwanamume mwenye suti ya buluu, besi kifuani, meno yote nje. Kwa picha hiyo baba alikata ubao wa libuyu, mti mwekundu wa msituni, uliotoka Walikale juu ya pikipiki, akafunga sumaku ya spika ya redio iliyokufa, akapanga njiti za gurudumu la baiskeli shingoni, akavuta waya za breki zikawa nyuzi. Ikalia! Siku hiyo akina mama wa kwaya walipiga vigelegele mpaka mchungaji akafunga Biblia, akangoja.

Ila picha haisemi uzito. Baba aliwaza kwa akili ya watu wa ngoma: ngoma kubwa ndiyo yenye sauti nzito, basi na besi lazima iwe nene. Akaiacha nene kama mlango wa ghala. Baada ya ile ya kwanza ametengeneza nyingine kumi, na kila moja anaitoa kwa furaha ya mtu anayeozesha binti.

Ile ya kwanza ni yangu. Nimeivaa tangu nilipokuwa msichana, kwa mkanda wa mpira wa tairi, na leo nina watoto wanaosoma sekondari. Bega langu la kushoto limeshuka. Mshonaji wa sokoni hupima mabega yangu moja moja na hasemi kitu, Mungu ambariki. Usiku mwingine mkono unakufa ganzi hadi vidoleni. Sikuwahi kumwambia baba. Utamwambiaje mtu ambaye ibada nzima anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyeleta mvua? Ibada ikiisha ananifuata mlangoni kuuliza kama ni nzuri, "Iko bien?" Nami najibu, "Iko bien, Papa." Nilikuwa tayari kufa na jibu hilo. Ndiyo maana niliuogopa mkoba: ukifunguliwa mbele yake, ataijua kasoro ya kazi yake, na atanijua mimi niliyemdanganya.

Siku ya tatu baba alitoka kwenda kumwona muuza mbao. Mvua ilikuwa imepungua, imebaki kama moshi. Mgeni akafungua mkoba ili kuikausha besi, nami, mjinga wa watu, nikasogea.

Sijui niieleze vipi. Uso wa besi ile ulikuwa wa mbao yenye mistari inayotembea, kama maziwa yanapomwagika ndani ya chai kabla hujakoroga. Ukiinama, mistari inahama. Haikung'aa kama sahani mpya. Iling'aa kwa ndani, kwa upole. Ilikuwa na nyuzi tano. Mgeni alisema bei yake inanunua pikipiki mbili, na bado utarudishiwa chenji. Kisha akaichomeka kwenye spika ya betri ya baba, akanivalisha bila kuniuliza.

Nilijikaza kupokea mzigo, na mzigo haukuja. Besi ilikaa juu yangu kama kitenge. Shingo yake ilikuwa nyembamba, laini kama mpini wa mwiko uliozeeka jikoni, na kile chuma kidogo cha kila hatua hakikukwaruza kidole. Nikaupiga uzi kama ninavyopiga waya zangu za breki, kwa nguvu zote za mkulima. Ukapiga kelele mbaya.

Mgeni akacheka. "Dada, guza polepole. Hii haiombake nguvu."

Nikagusa polepole. Sauti ikatoka pana na yenye joto, ikapita kwenye mbavu zangu, ikashuka miguuni. Nyuzi zilikuwa karibu mno na shingo hivi kwamba vidole vilifika kabla sijaviamuru. Nilifumba macho. Nikapiga nyimbo zetu zote za Jumapili, moja ikiingia katika nyingine, na kwa muda nisioujua sikuwa Mweso wala popote. Kisha nikagundua kitu ambacho kilinitoa machozi: bega halikuuma. Nilikuwa nimesahau jinsi kuwa mzima kulivyo. Nililia kama mtoto huku napiga, na nilikuwa na furaha tupu.

Nilipofumbua macho, baba alikuwa mlangoni, kofia mkononi, maji yakimdondoka. Sijui alisimama pale tangu lini.

"Naomba nikamate," alimwambia mgeni.

Akaipokea kwa mikono miwili, na mikono ikapanda juu yenyewe, maana nayo ilikuwa imejiandaa kwa uzito. "Iko mwepesi hivi?" Akaipapasa mbele, akaigonga kwa kidole, akatikisa kichwa kwa kuikubali. Halafu akaigeuza.

Nyuma, upande wa juu, mbao ilikuwa imechongwa ndani, shimo pana la kina kidogo, ili mbavu za mtu zipate pa kukaa. Baba akaweka kiganja humo. Akakiacha.

"Mu kalendrie habakuonyeshaka nyuma," alisema.

Nilitaka ardhi ifunguke. Akaniangalia, si usoni, begani.

"Bega yako inakuumaka?"

"Hapana, Papa."

"Inakuumaka?"

"Ndiyo. Inaniumaka."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu zamani."

"Na bale bengine?"

Niliwafikiria wapiga besi kumi wa kwetu, wote wameinamia kushoto, wote na midomo yao imefungwa kwa heshima. "Nabo, Papa. Bote."

Baba akamrudishia mgeni besi yake, akamshukuru vizuri, akaenda kukaa, akatugeuzia mgongo. Nilimwonea huruma hadi nikamkasirikia, yeye, na kalenda, na mimi mwenyewe zaidi ya wote. Miaka yote hiyo nilidhani namlinda, kumbe nilikuwa nimemnyima fundi kitu pekee anachohitaji, mtu wa kumwambia panapouma.

Asubuhi barabara ilifunguka na mgeni akaondoka. Baba aliniita uani nije na besi yangu. Akanisimamisha, akaisongeza kifuani pangu, na kwa kipande cha mkaa akachora mgongoni mwa besi mahali mbavu zangu zilipogusa. Akanivua besi, akailaza kifudifudi juu ya gunia, akaanza na patasi. Maranda mekundu ya libuyu yaliruka hadi kwa kuku. Alichonga mpaka jua likawa utosini, kisha akapangusa vumbi kwa shati lake na kunivalisha tena.

"Sasa?"

Macho yake yalikuwa yaleyale ya mlangoni mwa kanisa.

"Iko nzito bado, Papa."

Akaipokea, akailaza tena, akachukua patasi.