Chumba cha Mizani cha Nabirye

JINJA, 1954 – Kumepambazuka, na Nabirye anakoroga uji kwenye sufuria linalomfika magotini. Moshi wa kuni mbichi unamtoa machozi, naye anautukana kwa Kisoga huku akicheka. Nyuma yake, ndani ya ghala la pamba la Bwana Kishore, familia thelathini na mbili zinaamka kwenye sakafu moja.

Ni watu ambao vibanda vyao vya nyasi pembeni mwa mji viliteketea kwa moto mwezi uliopita. Wengi walikuja kujenga bwawa la umeme, na kazi ilipokwisha wakabaki. Serikali iliazima ghala hilo tupu ikamwajiri Nabirye, mjane wa makamo, apike, afagie na kuangalia kila mtu ana pa kulala. Hulipwa shilingi thelathini kwa mwezi, pamoja na chumba kidogo uani ambamo zamani pamba ilipimwa kwenye mizani.

"Kazi yangu ni mutu asilale inje," anasema.

Wiki ile ile ya kwanza, mtu akalala nje. Alikuwa Bibi Eseza wa Busiu, upande wa Mbale. Alipomzika mumewe huko, alihamia Jinja kwa binti yake Cissy, akajengewa kibanda chake nyuma ya nyumba. Vyote viwili viliungua. Sasa kila jioni alikula na wenzake, kisha akachukua gunia na kwenda kujilaza nje ukutani, mvua ikimnyeshea, mpaka homa ikamshika.

Afisa aliyekuja kukagua alimkuta pale, akadhani bibi hataki msaada. Akaamuru nafasi yake apewe mwingine, na yeye apandishwe basi la Mbale, ambako hana tena mtu.

Nabirye alimfuata afisa mikono ikiwa bado na majivu. Akamweleza kwamba Otim, mume wa Cissy, yumo humo ghalani, na kwa desturi ya kina Eseza mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Ni heshima, na moto hauiunguzi.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Alileta turubai na misumari, turubai likatundikwa katikati ya ghala, na serikali ikajipangusa mikono. Jioni ile Eseza alipiga magoti akashukuru, akachukua gunia lake, akatoka nje.

"Nikamwambia, Bwana, pazia ni muzuri, lakini paa iko moja," Nabirye anakumbuka. "Huyu mama atakufa inje na heshima yake."

Afisa akasema hakuna jengo jingine. Nabirye akamwonyesha chumba cha mizani.

Tangu hapo Eseza analala kwenye kitanda cha Nabirye, naye Nabirye, kwa kuwa chumba hakitoshi wawili, analala ghalani, katikati ya watoto wa watu wanaompiga mateke usingizini. Homa ya bibi imepoa. Kuona hayo kunagusa moyo, ingawa Nabirye mwenyewe analalamika tu juu ya mateke.

Tukiwa bado tunazungumza, Otim anatokea na mzigo wa kuni. Anasimama mbali na chumba cha mizani, anakohoa, anautua, kisha anaondoka bila kugeuka. Sauti ya nyayo zake ikishatoweka, mlango unafunguka, na Bibi Eseza anatoka kuchukua kuni za mkwewe.

Msimu wa pamba ukifika, ghala litarudi kwa mwenyewe. Serikali imeahidi nyumba za matofali, na Nabirye ameshapeleka ombi lake: nyuma ya nyumba ya Otim iachwe nafasi ya kibanda.

Na serikali ikikataa?

Nabirye anachota uji wa kwanza, wa Eseza, anaufunika kwa sahani.

"Nitapanga chumba moja, tukae mimi na yeye," anasema. "Nilizaa mapacha wasichana, walikufa wadogo. Mimi sina mukwe."