Kopo la Masunga

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, wewe hata hujazaliwa, nikiwa mkunga kijana kwenye zahanati ya kijiji nje ya Bariadi. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa vitu, wanunuzi binafsi wakaja kugombea pamba, na wanaume wakawa wanarudi kutoka mjini na maziwa ya watoto ya kopo. Picha ya mtoto mnene kwenye kopo lile bado inaniudhi.

Asubuhi hiyo Kabula alimleta mwanawe wa kwanza, amesinyaa, anaharisha. Nilimzalisha mimi mwenyewe. Nilimfundisha kunyonyesha mpaka akaweza, na alipotoka kwetu maziwa yalikuwa tele. Nikamuuliza kulikoni. Akasema mumewe, Masunga, aliuza pamba akanunua kopo, naye akaona aibu kulikataa mbele ya mama mkwe. Mtoto akazoea chupa, matiti yakakauka. Kopo lilipokaribia kwisha wakawa wanazidisha maji, tena maji ya lambo wanakokunywa ng'ombe.

Masunga alikuwa nje. Pale zahanati wanaume walikatazwa kuvuka mlango. Walisubiri kwenye benchi, na hakuna aliyewaambia neno. Siku hiyo nilitoka na hasira zangu, nikamuuliza kwa Kisukuma: ukimtenga ndama na mama yake, ng'ombe huyo utaendelea kumkamua?

"Atakauka," akasema. "Kila mchungaji anajua."

"Na mkeo je?"

Aligeukia baiskeli yake iliyoegemea ukutani. Aliposema, hakunitazama.

"Mayu," akaniita mama kwa Kisukuma, "miezi yote ile ya kliniki nilimleta mimi kwa baiskeli. Nilikaa kwenye benchi hili hili. Mbona hamkuniambia?"

Nikarudi ndani. Tulihangaika na mtoto, tukamrudisha titini, tukamnywesha maji ya chumvi na sukari. Wiki haikuisha, tukamzika. Kopo lenyewe Kabula alilifanya la kuwekea chumvi, maana chombo kizuri hakitupwi, na kila nilipopita kwake nililiona pale jikoni. Niliacha kupita.

Sasa unakwenda kuanza kazi ya ukunga huko Mwandoya na sare yako mpya. Utaambiwa umfundishe mama, na utamfundisha vizuri, nakujua. Lakini jioni mama huyo anarudi kwa mume mwenye hela ya pamba na kwa mkwe mwenye jiko, na hao ndio watakaoamua mtoto anywe nini. Kwa hiyo toka nje. Kaa nao kwenye benchi, uwaulize habari za mifugo yao, useme nao kwa mambo wanayoyajua. Mkubwa wako wa kazi akinuna, mwache anune. Watu wale hawakuwa wajinga, mwanangu. Sisi ndio tuliowafungia mlango kisha tukawalaumu.

Nenda salama. Mungu akupe mikono myepesi na kifua cha kuvumilia, na kila mtoto utakayempokea, akujalie umwone siku moja akija kukuamkia kwa miguu yake.