Fyuzi Haifi Bure

Mimi ni mtu mbishi, na nalisema mapema ili msije mkadhani sifa zitakazofuata ni zangu. Sifa ni za mwanamke mmoja wa makamo, mfupi, anayechomeka bisibisi kwenye kilemba chake, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Fyuzi. Bila yeye, lori aliloniachia marehemu baba lingekwisha kukatwa vipande, na mimi ningekuwa bado natafuta wa kumlaumu.

Lori lenyewe lilibeba mchanga kabla sijaota ndevu. Mwaka huu likaanza ugonjwa: nikiwasha taa, fyuzi ya taa za nyuma inaungua. Naweka nyingine, inakwenda siku mbili tatu, nayo inaungua. Mafundi watatu walifungua dashibodi, wakachungulia, wakaifunga. Ilipoungua ya tisa nikachoka. Nikakata kipande cha waya mnene, nikakichomeka mahali pa fyuzi, nikajisifu kwamba hiki hakiungui ng'o.

Kweli hakikuungua. Zilizoungua ni nyaya za lori. Jioni hiyohiyo mke wangu alikuwa amekaa kiti cha pembeni, kapakata mfuko wa vitambaa vyake vya kushona, moshi ukatoka chini ya dashibodi ukamzunguka miguu. Tuliruka nje, nikachomoa betri. Hakupiga kelele. Alisimama kando ya barabara akikung'uta sketi, akasema, "Jumamosi mwite mtu wa chuma chakavu. Mimi humo siingii tena." Ningejua la kufanya na hasira yake. Lakini hakuwa na hasira, alikuwa na hofu.

Nilimwita mtu wa chuma aje Jumamosi. Kisha Ijumaa asubuhi, moyo ukakataa, nikalikokota lori hadi kwa Mama Fyuzi.

Gereji yake ni banda la mabati lenye meza moja na kamba ya kuanikia nguo iliyojaa vipande vya nyaya. Mlangoni, juu ya kiti kilichong'olewa kwenye gari, hukaa mumewe. Yeye ndiye aliyekuwa fundi umeme wa magari makubwa, mpaka macho yalipoanza kufifia. Kwanza zilipotea rangi. Nyekundu na kahawia akaziona moja, na kwa fundi wa nyaya huo ni msiba. Mkewe, aliyekuwa akiuza sabuni, akaacha sabuni zake akaja kumsomea: "Hii nyekundu. Hii kijani, ina mstari mweupe." Alisoma miaka sita. Siku moja akagundua kwamba anajua waya unakokwenda kabla ya kuambiwa. Leo fundi ni yeye, lakini bado anasoma kwa sauti, na mzee anamjibu kutoka kitini. Wengine huongea mapenzi. Hawa wawili huongea nyaya.

Nilimwaga mezani fyuzi zangu tisa. Nilikuwa nimezihifadhi kwenye mkebe kama ushahidi dhidi ya mwenye duka aliyeniuzia.

"Mbovu zote hizi, Mama," nikasema.

Akaziangalia moja moja. "Fyuzi haifi bure, mwanangu. Hizi tisa zimekufa zikikulinda. Wewe badala ya kuuliza zinakufa na nini, ukawafukuza walinzi ukaweka waya."

"Muulize kagusa nini," mzee akasema kutoka mlangoni.

"Umegusa nini kwenye gari karibuni?"

"Sijagusa kitu."

Akaniuliza tena, akaniuliza mara ya tatu. Ndiyo kawaida yake, mara tatu kwa kila mteja. Mara zote nilijibu vilevile, ya mwisho kwa ukali kidogo.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mzee akasema, akaendelea kumenya chungwa lake. Nilichukia, sifichi.

Mama Fyuzi alibadilisha kwanza nyaya zilizoungua. Halafu akatoa balbu zote za taa za nyuma, na pale panapokaa fyuzi akaunganisha balbu ndogo yenye nyaya mbili. Akanieleza kama anayemweleza mtoto: nyuma hakuna taa hata moja sasa, kwa hiyo balbu hii haina sababu ya kuwaka. Ikiwaka, ujue umeme umepata njia ya uchochoroni, unagusa chuma. Akawasha swichi. Balbu ikabaki giza.

"Panda nyuma," akaniambia. "Ruka."

"Niruke?"

"Gari lako linaumwa likitikiswa. Litikise."

Basi mimi, baba wa watoto wanne na kitambi changu, nikapanda bodi ya lori nikarukaruka mbele ya gereji, wapita njia wakisimama kutazama. Karibu na kabini, balbu ilikaa kimya. Katikati, kimya. Nilipofika mwisho kabisa nikaruka, akapaza sauti, "Imewaka."

Akaingia chini na tochi. "Naona kahawia," akasema. "Inapita nyuma ya boriti ya bodi."

"Inaelekea taa ya kushoto," mzee akajibu. "Ipapase."

Akaipapasa hadi mwisho. Kisha akatoka mgongo mzima vumbi, akazunguka hadi nyuma ya lori, akasimama mbele ya ubao aliouchora baba kwa mkono wake: TARATIBU, NINA WATU. Akachomoa bisibisi kwenye kilemba, akafungua skrubu ya kona ya kushoto, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa ndefu kama kidole cha shahada, mpya, ncha yake imeungua nyeusi pale ilipokuwa ikigusa waya.

Miezi mitatu nyuma skrubu za zamani za ubao zilioza kutu. Nikanunua ndefu kuliko zote dukani ili ubao wa baba usianguke kamwe, nikatoboa boriti nikazikaza. Sikuhesabu kwamba ni kugusa gari. Kwangu ilikuwa heshima. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekishona mwenyewe.

Nilingoja anicheke. Alifunga kidonda cha waya kwa tepu, akaupitisha ndani ya kipande cha mpira, akaukaza ubao kwa skrubu fupi. Balbu ikabaki giza hata niliporuka kwa nguvu zangu zote. Aliporudisha balbu za nyuma na fyuzi ya kumi, taa mbili nyekundu zikawaka, machozi yakanilenga.

"Nyumbani waambie nyaya zilikuwa kuukuu," akasema kwa sauti ndogo. "Si uongo mkubwa."

Namshukuru kwa lori, namshukuru zaidi kwa sitara hiyo, ingawa sikuitumia. Jumamosi mtu wa chuma alipofika nilimrudisha, kisha nikamwekea mke wangu skrubu mkononi, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Na ule waya mnene?"

"Mimi pia."

Halafu akaenda kwenye lori, akafungua mlango wa pembeni, akapitisha kiganja chini ya dashibodi kama anayepima homa ya mtoto. Akapanda, akavuta mlango.

"Washa twende," akasema. "Taratibu. Una watu."