Vénantie Aenda Kuwatembelea Sokwe

Vénantie hajawahi kwenda kwa mtu mikono mitupu, na hakuona sababu ya kuanzia kwa sokwe. Ndiyo maana asubuhi ile alipanda gari la ushirika wao wa mama wauza ndizi, yeye na wenzake, akiwa na chane mbili za ndizi mbivu, amezifunga vizuri ndani ya kitenge kama mtoto mchanga.

Huyu ni mama wa Petite Barrière, pale mpakani wanapovukia kwa miguu. Kila siku anavuka na beseni la ndizi kichwani kwenda kuuza Goma, na jioni anarudi na beseni tupu na habari za nchi mbili. Sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Hata askari wakali wa mpakani humwachia njia, maana kubishana naye ni kupoteza asubuhi nzima.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda msitu wa hifadhi wa Gishwati, ambako Belise, kitinda mimba wake, alikuwa akijifunza kazi ya kuongoza wageni. Siku hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kushika kundi. Mkuu wake, Théoneste, angefuata nyuma kimya akimwangalia. Akiridhika, Belise anaajiriwa. Asiporidhika, basi, mtoto arudi nyumbani akauze ndizi na mama yake. Vénantie alilijua hilo vizuri, lakini naye alikuwa na hamu yake. Belise aliwahi kumwonyesha kwenye simu picha ya sokwe jike aliyembeba mtoto mgongoni, na tangu hapo hakutulia. Alitaka kumwona yule mama kwa macho yake.

Shida ilikuwa moja: mafua. Yalimshika juzi yake. Alitafuna tangawizi, akanywa maji ya moto na asali, kisha akajiambia kwamba hayo si mafua, ni vumbi tu la barabarani.

Getini, Belise aliwapokea amevaa sare ya kijani na buti. Mama akafungua mikono amkumbatie, mtoto akampa mkono kama wageni wengine. Lo!

"Mama, hiyo iko nini ndani ya kitenge?"

"Ndizi. Za wenyeji wetu."

"Wenyeji gani?"

"We Belise! Tunaenda kutembelea watu, bon, wanyama, na mi nifike mikono mitupu? Kwani mi nilikulea vibaya?"

Kundi zima likacheka. Belise naye akacheka, lakini mkono wake ukabaki umenyooshwa.

"Mama, sokwe akizoea ndizi ya mutu, kesho ataifuata shambani kwa mutu, na kule watamupiga mawe. Hii inabaki hapa."

Vénantie akazitoa, shingo upande. Kuamrishwa na mtoto uliyemnyonyesha, mbele ya mama wote wa ushirika, si mchezo jamani. Kabla aibu haijamtoka, Belise alianza kugawa barakoa, akauliza kwa sauti:

"Kuna mutu mwenye kukohoa? Mafua, homa, hata kidogo? Musione haya. Kwetu mafua ni kitu kidogo, lakini kwa sokwe inaweza kumaliza familia nzima. Mugonjwa haingie, hata na barakoa."

Vénantie akaangalia viatu vyake. Ameshachekwa kwa ndizi. Achekwe na kwa mafua? Akanyamaza. Mwanamke ambaye hajanyamaza tangu abatizwe, siku hiyo akanyamaza!

Wakaingia msituni. Njia ilikuwa ya matope, mizizi imelala kila mahali. Belise alikuwa mbele, akiinua ngumi kundi linasimama, akiishusha linaendelea. Vénantie alikuwa haamini. Nyumbani binti huyu huyu haoni chumvi iliyo mbele ya pua yake! Leo anaokota ganda la tunda, analigeuza, anajua waliolila wameelekea wapi.

Mara wakasikia matawi yakitikisika. Belise akageuka, akanong'ona:

"Wako karibu. Iko mama moja, na mutoto mugongoni."

Hapo hapo kikohozi kikaanza kumpanda Vénantie kifuani. Akakimeza. Kikapanda tena. Kwenye majani aliona mkono mweusi mrefu ukishika tawi, halafu basi. Mana yanjye, Mungu wangu, kidogo tu mbele na angemwona! Nani angejua? Lakini alimfikiria yule mtoto mgongoni. Belise wake, akiwa mchanga mgongoni, aliwahi kuambukizwa kifua hivyo hivyo na mteja mmoja aliyeinama kumchekea karibu mno, wakaishia hospitali. Mpaka leo Vénantie hajamsamehe mteja yule.

Akasimama, akainua mkono.

"Beli. Mi niko mugonjwa. Tangu juzi. Nilikuficha."

Mama wa ushirika wote wakageuka. Nyuma yao Théoneste alikuwa akiangalia, na Vénantie akawaza: sasa nimemharibia mtoto kazi.

Belise alimtazama mama yake. Hakusema pole.

"Rudi nyuma, Mama. Sasa hivi. Funika mudomo, usikohoe hapa." Kisha akamgeukia mkuu wake. "Chef, mumusindikize, tafadhali. Mi naendelea na wageni."

Ehee! Chef anatumwa! Théoneste alimwangalia kidogo, akasema "sawa," akageuka na Vénantie.

Walipofika mbali, mama akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Chef, niambie ukweli. Nimemuharibia kazi?"

"Mama, mi nilitaka kuona kama anaweza kumurudisha mutu mukubwa," Théoneste akasema. "Wageni wengine wanakasirika, wanataja majina ya wakubwa, na mwongozaji anaogopa, anawaacha wapite. Sikujua kama ataanza na mama yake."

"Donc? Kwa hiyo?"

"Donc mi niko hapa na we, na yeye iko kule peke yake na wageni. Kama sikumuamini, ningemuacha?"

Vénantie akakaa kwenye benchi la getini. Kule msituni sokwe walianza kupiga kelele, mmoja, kisha wote kwa pamoja, kama soko linapofunguliwa. Aliumia, tusidanganyane. Alifika karibu vile, akaondoka ameona mkono mmoja tu. Akatoa simu, akampigia mdogo wake Mukandori aliyeko Goma.

"Yaya, dada yangu! Umewaona?"

"Niwaone wapi! Nimefukuzwa!"

"Umefukuzwa? Na nani?"

"Na Belise! Mi, mama yake, mbele ya watu wote, na chef wake anaangalia! Eti, rudi nyuma sasa hivi! Amenifukuza, mudogo wangu. Ungeisikia ile sauti!"

Akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza, akafuta macho, akaanza kusimulia upya toka mwanzo.