Mwambie Mama Ni Ampea Kumi

Mume wangu Sanga ni fundi wa umeme katika hoteli moja ya Galu, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na umeme ukitajwa haogopi mtu. Meneja akichomeka birika mbili kwenye soketi moja, Sanga humfokea mbele ya wageni. Hesabu zake huziandika popote: kwenye pakiti ya unga, nyuma ya kadi ya harusi, hata kiganjani mwangu siku moja. Mtu mmoja tu humnyamazisha, naye ni mama yangu.

Kwetu mkwe hasemi na mama mkwe moja kwa moja, hamkemei, wala haingii jikoni mwake. Akivunja mwiko hutoa mbuzi. Haya, sawa. Lakini anayetumwa huku na huku ni mimi.

Jumamosi tulikwenda Bongwe kumwamkia. Alikuwa akipika mbaazi kwenye jiko la umeme tulilomnunulia mwaka jana. Koili yake, ule waya unaowaka moto, ilikuwa imekatika mara tatu, na kila mara Mama alitupa kipande kilichoungua akaunganisha ncha zilizobaki. Alijisifu kwamba waya mfupi hula umeme kidogo, na moto umezidi kuwa mkali!

Sanga akafungua kisanduku cha umeme pale barazani, akabana mita yake kwenye waya. Uso ukambadilika.

"Jumwa, mwambie Mama jiko lilipokuwa jipya lilivuta ampea tano. Volti mia mbili na arobaini gawanya kwa tano, ukinzani ni omu arobaini na nane. Volti hizo hizo zidisha kwa tano, nguvu ni wati elfu moja na mia mbili. Leo linavuta kumi! Ukinzani umeshuka hadi ishirini na nne, wati zimefika elfu mbili na mia nne. Na ule waya alioufungia jiko ni mwembamba, wa taa ya mezani!"

Mama alikuwa hatua nne tu kutoka pale, akisikia kila neno.

"Mwambie mumeo nimeanza kupika yeye hajazaliwa."

"Mwambie Mama juu yake kuna makuti."

"Mwambie mumeo makuti nayaona."

Nilichoka, wallahi. Nyumba nilimozaliwa inataka kuungua, na watu wazima wawili wananipiga danadana. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mara ikanuka plastiki. Moshi ulitoka kwenye soketi, kisha mwali ukapanda ukutani. Mama akanyakua mtungi wa maji.

Sanga hakunitafuta mimi. Alizima swichi kuu, akaingia jikoni mbio. "Weka maji chini! Toka!" Akamvuta Mama mkono hadi uani, akarudi kuuzima moto kwa mchanga. Makuti mawili yalikuwa yameungua ncha.

Kisha akasimama uani, macho chini. Alikuwa amemkemea mama mkwe na kumshika mkono.

Mama aliketi kwenye kigoda. "Mwambie mumeo..."

"Mwambie mwenyewe!" nikapiga kelele. "Yuko hapo, ana masikio!"

Mama akamgeukia.

"Sanga," akasema, akimwita kwa jina kwa mara ya kwanza tangu anioe. "Mbuzi utaleta, hilo halina mjadala. Lakini hesabu yako, baba, irudie polepole. Waya umepungua, kumi imetoka wapi?"

Sanga aliugeuzia ukuta uso kwa heshima, akaanza upya na volti. Mimi nikaketi. Sikuwa na neno la mtu la kupeleka.